SEYYID MAJID, ALIYEIPA BANDARI JINA LA SALAMA

Kila mji una jina, na kila jina lina asili yake. Watu hulitaja jina la mji wao mara nyingi kwa siku, walakini si wengi waulizao limetoka wapi, wala ni nani aliyelichagua. Mji wa Dar es Salaam, ulio mkubwa kupita miji yote ya Tanzania, ulipewa jina lake na mtawala mmoja wa Unguja, aitwaye Seyyid Majid bin Said. Mtawala huyo hakuishi kuuona mji wake ukikamilika. Majumba yake karibu yote yamebomoka, na kaburi lake li ng'ambo ya bahari; bali jina alilolichagua lingali hai katika vinywa vya mamilioni ya watu.

Majid alizaliwa yapata mwaka wa 1834. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, mtu mashuhuri aliyehamisha makao yake kutoka Maskati akaja kukaa Unguja, na kuieneza mikarafuu katika visiwa. Mama yake aliitwa Sara, naye alikuwa suria, mwanamke wa kabila la Wacherkesi, aliyeletwa kutoka nchi za mbali za kaskazini. Katika jumba la Seyyid Said walikuwamo watoto wengi wa mama mbalimbali, na lugha nyingi zilisemwa humo: Kiarabu, Kiswahili, Kiajemi, Kituruki na Kihabeshi. Majid alikua kati ya sauti hizo zote. Alikuwa mtu mpole, mwenye kupendwa na wadogo zake. Lakini tangu utoto alipatwa na maradhi ya kifafa, na maradhi hayo hayakumwacha mpaka mwisho wa maisha yake.

Katika mwaka wa 1854 kaka yake Khalid, aliyetazamiwa kuitawala Unguja, alikufa. Basi Majid akawekwa mahali pake. Miaka miwili baadaye, tarehe 19 Oktoba 1856, Seyyid Said mwenyewe alikufa baharini, katika merikebu yake iitwayo Victoria, karibu na visiwa vya Shelisheli, alipokuwa akirudi kutoka Maskati. Majid akashika utawala akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili hivi.

Mara matata yakaanza. Nduguye mkubwa, Thuwaini, aliyekuwa Maskati, alisema kwamba urithi wote wa baba yao ni wake, Omani na Unguja pia. Katika mwaka wa 1859 alikusanya merikebu na askari ili aje kumwondoa Majid kwa nguvu. Lakini manowari ya Waingereza ilimkuta njiani ikamrudisha. Mwaka huo huo nduguye mdogo, Barghash, naye alifanya maasi hapa Unguja. Baadhi ya ndugu walikuwa upande wake, hata dada zake wawili, Khole na Salme. Barghash alijifungia pamoja na watu wake katika shamba moja lililoitwa Marseille, na Majid hakuweza kumshinda mpaka alipopata msaada wa mabaharia wa Kiingereza na mizinga yao. Barghash akapelekwa Bombay, akakaa huko kama miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kurudi.

Hivyo Majid aliujua uchungu wa vita vya ndugu. Jambo la kusifiwa katika tabia yake ni kwamba hakulipiza kisasi kikali. Salme, aliyeandika barua za siri za waasi, alisamehewa, wakapatana tena. Huyo ndiye Salme ambaye baadaye, mwaka 1866, aliondoka Unguja, akaolewa na mfanya biashara wa Kijerumani, na mwaka 1886 akatoa kitabu cha habari za maisha yake.

Ugomvi wa Majid na Thuwaini ulikatwa mwaka 1861 na Lord Canning, aliyekuwa Liwali Mkuu wa Waingereza katika Bara Hindi. Hukumu yake ilikuwa hii: Majid aitawale Unguja na pwani ya Afrika, na Thuwaini aitawale Omani, lakini kwa kuwa Unguja ilikuwa tajiri zaidi, Majid alipe reale 40,000 kila mwaka kwa Maskati. Tangu siku ile Unguja na Omani zikawa dola mbili. Majid alipata ufalme wake, ila aliupata kwa gharama kubwa, na nusu ya nguvu yake ilikuwa mkononi mwa wageni waliomsaidia.

Yafaa kukumbuka kwamba katika miaka hiyo hiyo ya Majid, jina jingine kubwa lilianza kuenea duniani. Wasafiri wawili wa Kiingereza, Burton na Speke, waliondoka pwani mwaka 1857, wakaongozwa na watu waliojua njia, kama Sidi Mubarak Bombay. Mwezi wa Februari 1858 walifika Ujiji kwenye ziwa kubwa. Wenyeji wa pande zile na wafanya biashara wa pwani walikuwa wakiliita Tanganyika tangu zamani. Burton alisikia kwamba maana yake ni mahali maji yanapokutana na kuchanganyika. Wengine wameleta maana nyingine. Jina hilo likaandikwa katika ramani za Ulaya. Hakuna mtu wa siku zile aliyedhani kwamba jina la ziwa lingekuja kuwa jina la nchi nzima.

Sasa Majid alianza kufikiri juu ya bara. Mali ya Unguja ilitoka katika karafuu za visiwani na katika biashara ya misafara iliyoleta pembe za ndovu kutoka mbali. Misafara hiyo ilishukia Bagamoyo, na mingine Kilwa. Lakini Bagamoyo haina bandari ya kina. Maji hupwa mbali, na vyombo vikubwa havikaribii nchi kavu. Tena huko wenyeji wenye nguvu walikuwa na desturi zao na ushuru wao, na neno la Sultani halikuwa na uzito kama alivyotaka. Na hapo Unguja mwenyewe alizungukwa na ndugu wenye kumwonea wivu, na mabalozi wa mataifa ya kigeni, kila mmoja na shauri lake. Alitamani mahali papya, ambapo angeweza kuanza bila ya matata ya zamani.

Kusini ya Bagamoyo palikuwa na kijiji kiitwacho Mzizima. Wenyeji wake walikuwa Wazaramo na Washomvi, wavuvi na wakulima. Karibu na kijiji hicho bahari huingia katika nchi kwa mlango mwembamba, kisha hupanuka ndani ikawa bandari tulivu. Mawimbi ya nje hayafiki humo. Upepo wa kusi na wa kaskazi hupita bila ya kuvisumbua vyombo. Na maji yana kina cha kutosha merikebu kubwa. Mtu akiwa baharini haioni bandari hiyo mpaka afike mlangoni pake. Hapo ndipo Majid alipopachagua.

Katika miaka ya 1860 kazi ya ujenzi ikaanza, na kufika mwaka 1866 ilikuwa imeendelea sana. Mawe ya matumbawe yalichimbwa, chokaa ikachomwa, boriti za mikoko zikakatwa. Jumba la Sultani lilijengwa mbele ya bandari, na karibu yake nyumba ya wageni. Visima vilichimbwa, minazi ikapandwa, Waarabu na Wahindi wafanya biashara wakaitwa waje wakae. Mwaka 1867 Majid alifanya karamu kubwa katika mji wake mpya, akawaalika mabalozi wa mataifa ya kigeni ili waone kazi yake.

Na mji huo akaupa jina: Dar es Salaam. Jina hili ni la Kiarabu. Neno dar maana yake ni nyumba au makao. Salaam ni amani au salama. Basi ni makao ya amani. Wengine husema kwamba jina la kwanza lilikuwa Bandar es Salaam, yaani bandari ya salama, kwa sababu ya utulivu wa maji yake, kisha likafupishwa. Neno bandar asili yake ni Kiajemi, nalo ndilo lililozaa neno la Kiswahili bandari. Mtu achague maana aipendayo. Katika zote mbili salama imo.

Tena jina hili lina heshima ya kale. Katika Kurani makao ya amani ni jina la Pepo, na mji wa Baghdad ulipojengwa katika karne ya nane uliitwa Mji wa Amani. Hata leo iko nchi ya mbali katika Asia ya mashariki, iitwayo Brunei Darussalam, ambayo inalo neno lile lile katika jina lake la serikali. Msikiaji mwenye kujua asili ya maneno hutambua mara moja kwamba Brunei na mji wa pwani ya Afrika zimechota katika kisima kimoja.

Matamshi ya jina hili nayo yana funzo. Kwa Kiarabu huandikwa dar, kisha al, kisha salaam. Lakini hakuna Mwarabu asemaye Dar al Salaam. Herufi ya lamu ikifuatwa na sini humezwa, na sini hukazwa. Kwa hiyo husikika Dar as-Salaam. Mwanafunzi wa Kariakoo hahitaji kwenda Arabuni kupata ushahidi wake. Kila siku husikia watu wakiamkiana kwa as-salaam alaikum, wala hasikii mtu yeyote akitia lamu kati ya neno la kwanza na la pili. Wajerumani walipokuja waliliunganisha jina lote wakaandika Daressalam. Waingereza walilitenga tena. Waswahili wenyewe husema kwa wepesi Daresalama, kwa kuwa ulimi wa Kiswahili hupenda neno liishie kwa irabu, na mkazo uwe katika silabi ya pili kutoka mwisho.

Lakini ni lazima kusema kweli yote. Mji ulioitwa makao ya amani haukuwa makao ya amani kwa kila mtu. Kazi nyingi za mashamba na majengo katika dola ya Majid zilifanywa na watumwa. Wanaume, wanawake na watoto waliotekwa bara walipitishwa Kilwa na bandari nyingine, wakauzwa katika soko la Unguja. Mwaka 1864 Majid alitoa amri ya kukataza watumwa wasichukuliwe baharini katika miezi ya kaskazi, lakini amri hiyo haikutosha, na wengi waliivunja. Biashara yenyewe ilipigwa marufuku baharini na soko lile likafungwa mwaka 1873, baada ya kifo chake. Majid alikuwa mpole kwa ndugu zake waliomwasi. Walakini hakuiona, au hakuweza kuiondoa, dhuluma iliyobeba mali ya nyumba yake. Jina zuri halitoshi kuufanya mji uwe mwema. Matendo ya watu ndiyo yanayolitimiza jina au kulifanya kuwa maneno matupu.

Majid alikufa tarehe 7 Oktoba 1870, akiwa hajafikia miaka arobaini. Hakuacha mtoto wa kiume, ila binti mmoja. Aliyerithi kiti chake ni Barghash, nduguye yule aliyemwasi zamani. Barghash alikuwa mtawala hodari, lakini hakuwa na mapenzi na mji wa kaka yake. Kazi ikasimama. Nyumba ambazo hazijamalizika zikaachwa, miti ikaota ndani ya kuta, na misafara ikaendelea kwenda Bagamoyo kama kwanza. Katika miaka ya 1870 Waingereza walianza kufungua barabara kutoka bandarini kuelekea bara, wakafika maili 70 hivi, kisha nayo ikaachwa. Mtu aliyepita Dar es Salaam siku zile angeweza kusema kwamba ndoto ya Majid imekufa pamoja naye.

Haikufa. Bandari ilikuwa pale pale, na sababu zilizomvuta Majid ziliwavuta na wengine. Mwaka 1887 kampuni ya Wajerumani iliweka kituo chake hapo, na mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo. Mwaka 1905 walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam, nayo ikafika Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, mwaka 1914. Hivyo bandari ya Majid ikaunganishwa kwa chuma na ziwa lile ambalo habari zake zilienea Ulaya katika siku zake.

Kisha vikaja Vita Kuu. Waingereza waliingia Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916. Walikuwa na jeshi la wapagazi, Waafrika waliochukua vyakula na risasi za askari kwa vichwa na mabega, katika mvua na matope, na wengi sana walikufa kwa njaa, uchovu na maradhi. Jeshi hilo liliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wapagazi waliwekwa katika uwanja uliokuwa nyuma ya mji, penye jengo la soko lililojengwa na Wajerumani, na mahali pale pakaitwa Kariakoo. Hapa napo pana funzo la matamshi. Mwingereza huandika herufi p na s mwishoni mwa jina hilo, lakini hazitamki. Sikio la Mwafrika lilisikia sawasawa, na ulimi wake ukalitoa kama lilivyosikika: Ka-ri-a-ko-o. Ajionaye kuwa Kariakoo ni Kiingereza kilichoharibika, na alisome tena kwa sauti, ataona kwamba wapagazi walilitamka vizuri kuliko lilivyoandikwa. Mwaka 1923 jengo lile likawa soko, na tangu hapo watu hutaja Kariakoo wakifikiri juu ya mchele, nguo na samaki, wakawasahau waliobeba mizigo mpaka kufa.

Jina la nchi nalo lilibadilika. Baada ya vita Waingereza walitafuta jina jipya la nchi iliyokuwa ikiitwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, na mwaka 1920 wakachagua lile la ziwa: Tanganyika. Tanganyika ilipata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961. Tarehe 26 Aprili 1964 iliungana na Zanzibar, ufalme wa zamani wa akina Majid, uliokuwa umekwisha kuwa jamhuri. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo dola mpya ikapewa jina la Tanzania. Tan imetoka katika Tanganyika, jina la ziwa la bara. Zan imetoka katika Zanzibar, jina la kale lenye maana ya pwani ya Wazanji, yaani watu weusi. Wageni wengine hulivuta jina hili kama wapendavyo. Bali mwenyeji hutamka kila silabi, Tan-za-ni-a, na kuweka mkazo katika ni.

Leo mtu akipita barabara ya Sokoine, mbele ya bandari, ataona Boma la Kale, nyumba ya wageni iliyojengwa katika siku za Majid, yenye kuta nene za matumbawe na milango ya nakshi. Si mbali na hapo iko nyumba nyingine ya miaka ile, iliyojengwa kwa ajili ya jamaa ya Sultani. Nyumba hiyo sasa yaitwa Atiman, kwa ukumbusho wa Adrian Atiman, mtu wa Afrika ya Magharibi aliyekamatwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomea uganga katika kisiwa cha Malta, akawatibu wagonjwa wa Karema kando ya Ziwa Tanganyika kwa miaka mingi, mpaka alipokufa mwaka 1956. Basi nyumba ya mfalme imepewa jina la mtu aliyekuwa mtumwa. Huenda hiyo ndiyo njia moja ambayo makao ya amani yamekaribia kulistahili jina lake.

Majumba huanguka. Jumba la Majid halipo tena. Hata soko la Kariakoo, jengo kubwa lililosanifiwa na Beda Amuli na kujengwa katika miaka ya 1970, liliungua moto mwezi wa Julai 2021. Lakini moto hauunguzi jina. Mwizi haliibi, mvua hailozi, na mrithi mwenye chuki hawezi kulibomoa. Seyyid Majid aliishi miaka michache, mwenye ugonjwa, kati ya ugomvi wa ndugu na mashauri ya wageni. Amani aliyoitamani hakuipata. Akawaachia watu wa baadaye neno moja tu. Kila mtu akaaye katika mji ule hulitaja neno hilo, na kila alitajapo amechukua deni: kufanya kwa mikono yake kile alichokitamka kwa ulimi wake.

MASWALI

1. Kwa nini Seyyid Majid alipenda bandari ya Mzizima kuliko Bagamoyo?
2. Hukumu ya Lord Canning ya mwaka 1861 ilisema nini?
3. Eleza maana mbili za jina la Dar es Salaam.
4. Soma kwa sauti majina haya, na kuonyesha silabi yenye mkazo: Kariakoo, Tanganyika, Tanzania.
5. Uliza wazee wa mtaa wako asili ya jina la mtaa huo, kisha uandike habari zake kwa mistari kumi.